Kuuza mayai kwa utaratibu: mwongozo kamili kwa mfugaji mdogo na kikundi chake

Chukua yai moja dukani, ulitazame. Ganda ni zima, rangi inavutia, lakini halikuambii limetagwa lini, limetoka banda la nani, wala kama kuku aliyelitaga alikuwa kwenye dozi ya dawa. Kanuni za mayai popote duniani zinahangaika na maswali hayo matatu. Mwongozo huu ni wa mfugaji wa Tanzania Bara mwenye kuku kati ya 50 na 1,000, na zaidi ni wa vikundi vya wafugaji wanaokusanya mayai pamoja ili kuuzia maduka, shule na migahawa. Mwenye duka hana muda wa kujua nani kati yenu ni mwangalifu. Yai bovu la mmoja linawafungia soko wote, kwa hiyo kikundi kinahitaji kanuni zake hata kabla ya mkaguzi yeyote kugonga hodi.

Karatasi kwanza, kwa kifupi

Anza na halmashauri, kwa sababu sheria ndogo za kufuga mjini hutofautiana kutoka manispaa moja hadi nyingine: idadi ya kuku inayoruhusiwa, umbali wa banda na nyumba ya jirani, namna ya kutoa samadi. Zisome kabla hujajenga. Kisha TIN kutoka TRA na leseni ya biashara. Kikundi kijiandikishe kwa afisa maendeleo ya jamii, kiwe na katiba na akaunti ya benki.

Kuku na mazao yake yakitoka wilaya moja kwenda nyingine, unaingia kwenye Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya 2003, na mtu wa kuanzia ni afisa mifugo wa kata. Usalama wa chakula, uliokuwa chini ya TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, ulihamia TBS, shirika la viwango, mwaka 2019. Dawa, zikiwemo za mifugo, zilibaki kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Hili la TMDA lishike, tutalirudia. Kenya leseni ya biashara hutolewa na kaunti na viwango ni vya KEBS, shirika lao la viwango. Walio karibu na mpaka wasijaribu kuvusha trei kwa njia za panya: mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya viliteketezwa kwa moto Namanga, kwa hoja ya kuzuia mafua ya ndege.

Yai safi hutengenezwa kiotani

Mayai mengi machafu yanayofika sokoni yamechafuka ndani ya dakika chache baada ya kutagwa. Weka kiota kimoja kwa kila mitetea 4 au 5, chenye upana wa sentimita 30, kina cha 30 na kimo cha 35. Jaza maranda makavu au majani makavu kufikia sentimita 8 hadi 10, na ubadilishe yakianza kushikana. Viota vikiwa vichache, kuku wawili watagombea kimoja, mayai yatagongana, na anayesubiri foleni atataga sakafuni. Fito za kulalia zisiwe juu ya viota, na viota vifungwe jioni: kuku akilala kiotani, atakiacha kimejaa kinyesi.

Kuku wengi hutaga asubuhi. Kusanya saa 3, saa 5, saa 8 na saa 11 jioni. Mkusanyo mmoja wa jioni ndio chanzo cha nyufa na cha kuku kuonja mayai, na kuku akishajua ladha yake ni kazi kumwachisha. Pokea mayai kwenye trei moja kwa moja, si kwenye ndoo. Ndoo yenye mayai 80 huyapasua ya chini kwa uzito tu. Yaliyotagwa sakafuni yawekwe trei ya pembeni tangu bandani, hata kama yanaonekana masafi.

Mwenye majogoo ana jambo la ziada. Yai lenye mbegu huanza kukuza kiinitete joto likivuka nyuzi 20 na kitu, na Dar es Salaam, Tanga au Mtwara joto hilo lipo mwaka mzima. Yai la namna hiyo likikaa siku kadhaa kwenye chumba cha nyuzi 30, mteja atavunja akute mishipa ya damu. Mtetea hahitaji jogoo ili atage. Ukitaka mayai ya kula, tenga majogoo.

Kuosha au kutoosha

Hapa ndipo mabishano huwa makali, na pande zote mbili zina hoja. Marekani mayai ya mashamba makubwa huoshwa, kisha huwekwa kwenye baridi ya nyuzi 7 au chini ndani ya saa 36 tangu yatagwe. Umoja wa Ulaya kwa kawaida hauruhusu kuosha mayai ya daraja la kwanza. Ganda lina maelfu ya vitundu vidogo, na kuku anapotaga hulifunika kwa utando mwembamba unaoviziba. Ukiosha, utando unaondoka. Mmarekani anafidia kwa baridi isiyokatika hadi jikoni. Mzungu wa Ulaya anauacha utando ufanye kazi yake.

Sisi baridi hiyo isiyokatika hatuna, kwa hiyo kanuni ya kikundi iwe: mayai hayaoshwi. Doa dogo lililokauka lisuguliwe taratibu kwa msasa laini mkavu au kitambaa kigumu kikavu. Doa likizidi robo ya ganda, yai hilo halipelekwi sokoni.

Mwenye kulazimika kuosha, kwa mfano kwa mteja wa hoteli mwenye jokofu, ajue kosa linalofanywa kila siku: maji ya baridi. Yai la nyuzi 30 likitumbukizwa kwenye maji ya bomba ya nyuzi 24, kilichomo ndani husinyaa na kuvuta maji machafu kupitia vile vitundu, pamoja na bakteria wa salmonela waliokuwa nje. Maji yawe ya moto kuliko yai kwa nyuzi 11 au zaidi, yaani nyuzi 41 hadi 45 kwa yai la nyuzi 30. Tumia kipima joto, si kiwiko. Usiloweke. Osha moja moja, kausha papo hapo, weka kwenye jokofu. Na yai lililoingia kwenye jokofu lisitolewe kukaa nje tena, kwani litatoka jasho na unyevu huo utawafungulia bakteria njia.

Kumulika na kupima uzito

Tengeneza boksi la kumulikia: boksi la viatu, tundu la sentimita 3, tochi ya simu ndani, kona yenye giza. Weka upande butu wa yai kwenye tundu na ulizungushe. Ufa mwembamba usioonekana mchana utang'aa kama uzi mweupe. Kivuli cheusi kisichopitisha mwanga ni yai lililooza. Doa dogo la damu halina sumu, limetokana na mshipa kupasuka wakati kiini kinaachiliwa, lakini mteja hatalipenda, litumike nyumbani.

Kisha tazama mfuko wa hewa upande butu. Yai la leo lina mfuko wa kina kisichozidi milimita 4. Kadiri siku zinavyopita, maji huvukia kupitia ganda na mfuko hukua. Ulaya hukubali hadi milimita 6 kwa daraja la kwanza, na kikundi kinaweza kuchukua kipimo hichohicho bila aibu. Chora mstari wa penseli pale kivuli cha mfuko kinapoishia, pima kwa rula. Mwanachama anayeleta "mayai ya jana" yenye mfuko wa milimita 9 hana haja ya kubishiwa.

Uzito ni jambo linalodharauliwa kwetu kwa sababu trei huuzwa kwa bei moja, iwe ya mayai makubwa au ya kuku aliyeanza kutaga wiki iliyopita. Mizani ya jikoni ya kilo 5 inatosha. Pima trei tupu, kisha iliyojaa, toa. Mayai 30 ya wastani wa gramu 60 ni kilo 1.8, ya gramu 50 ni kilo 1.5. Pendekezo letu: trei ya kilo 1.8 na zaidi iitwe kubwa, kati ya 1.5 na 1.8 ya kati, chini ya hapo ndogo, kila moja na bei yake. Mkaanga chipsi anajua tofauti hiyo kwa macho, na atakuheshimu ukimtangulia.

Pakia ncha iliyochongoka ikiwa chini ili kiini kibaki katikati. Hifadhi kivulini, mbali na mafuta ya taa, vitunguu na dagaa, maana ganda hupitisha harufu. Bila jokofu, ukanda wa pwani msiuze yai lililozidi siku 14. Nyanda za baridi kama Njombe mnaweza kufika 21.

Alama: tarehe na banda

Ulaya kila yai la dukani lina mhuri: tarakimu ya kwanza inaeleza mfumo wa ufugaji (0 ni kilimo hai, 1 kuku wa kutoka nje, 2 wa ndani ya banda, 3 wa vizimba), halafu nchi, halafu namba ya shamba. Mwaka 2017 ilipogundulika kuwa mabanda ya Uholanzi na Ubelgiji yalipuliziwa fiproni, dawa ya wadudu isiyoruhusiwa kwenye ufugaji wa kuku wa chakula, mamilioni ya mayai yaliondolewa sokoni, na Waholanzi walitangaziwa namba za mhuri wakaangalie majokofuni kwao. Hukohuko Ulaya, mwenye kuku wasiozidi 50 anayeuza soko la jirani anaweza kusamehewa mhuri, mradi jina na anwani yake vionekane mezani. Marekani nayo, kanuni ya shirikisho ya kuzuia salmonela haiwagusi wenye kuku chini ya 3,000. Msamaha huo una maana moja: mnunuzi anakujua kwa uso. Mayai yenu yakipita kwa wakala hadi duka la mtaa wa tatu, uso haupo tena, na alama inahitajika.

Kwa kuku 200 wanaotaga asilimia 80 mna mayai 160 kwa siku. Si lazima kuandika kila yai. Kila trei iwe na kadi ndogo: namba ya mwanachama, namba ya banda, tarehe ya kutagwa. Mfano 07-2-14/6 ni mwanachama wa 7, banda la 2, Juni 14. Wateja wanaovunja trei na kuuza mojamoja waandikiwe kwa penseli upande butu wa yai. Msitumie kalamu ya wino wa spiriti, wino wake hupenya. Trei moja isichanganye tarehe mbili; hilo ndilo kosa la kwanza la kila kikundi, na hufanywa kwa nia njema ya kujaza trei. Mayai 10 yanayobaki baada ya kujaza trei 5 yauzwe rejareja nyumbani.

Daftari la kila banda liwe na safu sita: tarehe, idadi ya kuku, mayai yaliyookotwa, yaliyopasuka, kuku waliokufa, dawa au chanjo. Utagaji ukishuka kwa pointi 10 ndani ya siku mbili, mwite mtaalamu kabla ya kubadilisha chakula. Nyufa zikipanda, angalia kokoto za chokaa na umri wa kuku. Kuku mzee hutaga yai kubwa lenye ganda jembamba.

Dawa: hapa ndipo kikundi hufa

Kiini cha yai hakitengenezwi kwa siku moja. Hukua kwa kasi kwa takribani siku 10, tabaka juu ya tabaka, huku viini kadhaa vya ukubwa tofauti vikiwa vimepangana tumboni mwa kuku. Dawa aliyokunywa leo inaingia kwenye viini vyote vinavyokua. Ndiyo maana kuku anaweza kupona Jumatatu na bado yai la Jumatatu ijayo likawa na mabaki.

Muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo huhesabiwa tangu dozi ya mwisho, si ya kwanza. Tuseme umetoa antibiotiki kwenye maji kuanzia Juni 1 hadi Juni 5, na lebo inasema siku 7 kwa mayai. Mayai ya Juni 1 hadi Juni 12 hayauzwi. Unaanza kuuza ya Juni 13. Kwa banda letu la mayai 160 hizo ni siku 12, mayai 1,920, trei 64. Hesabu hiyo inauma, na ni kwa sababu inauma ndiyo maana watu hudanganya. Kanuni isiyoitazama hesabu hiyo haitafuatwa. Kikundi chenye akili huweka mfuko: kila mwanachama achangie kiasi kidogo kwa kila trei, na anayetangaza mwenyewe kwamba kuku wake wako kwenye dawa alipwe sehemu ya hasara. Anayeficha akikamatwa, atoke.

Kabla ya kununua, muulize muuzaji wa duka la pembejeo maneno haya: "Hii ni ya kuku anayetaga? Muda wa mayai ni siku ngapi? Imesajiliwa TMDA?" Kama lebo inataja muda wa nyama tu na kunyamaza kuhusu mayai, au inasema isitumike kwa kuku wa mayai, irudishe na umpigie daktari wa mifugo. Zipo pakiti zinazouzwa kama vitamini za kuongeza mayai, kumbe ndani kuna oksitetrasaiklini, ambayo ni antibiotiki. Soma orodha ya viambato nyuma ya pakiti, si picha ya yai iliyo mbele.

Mayai ya siku za dawa hayapewi watoto wa nyumbani, hayapelekwi kwa mwoka mikate, hayasagwi kuwalisha kuku wengine. Moto wa jikoni haumalizi mabaki yote. Vunja, fukia. Trei zake zifungwe kamba nyekundu tangu siku ya kwanza ya dozi, zisichanganyike hata kwa bahati mbaya.

Sumu za wadudu zina hukumu hiyohiyo. Utitiri ukiingia viotani, choma maranda ya zamani, fagia, paka chokaa kwenye nyufa za mbao, na kwa kuku tumia dawa iliyosajiliwa kwa ajili yao. Dawa ya kupulizia mahindi au nyanya isikaribie banda.

Njia ya bei nafuu zaidi ni kutofika kwenye antibiotiki kabisa. Mdondo husababishwa na virusi na hautibiwi kwa antibiotiki yoyote, ingawa pesa nyingi hutupwa huko. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2, tone moja jichoni, irudiwe kila baada ya miezi 3, banda zima siku moja.

Neno "kienyeji"

Yai dogo lenye ganda jeupe si lazima liwe la kienyeji. Rangi ya ganda ni suala la aina ya kuku, na ukubwa hutegemea pia umri wake. Unjano wa kiini unatokana na chakula: mahindi ya njano na majani mabichi huukoleza, mahindi meupe huufifisha. Kwa sababu yai la kienyeji lina bei ya juu, kikundi kiandike wazi maana yake: kuku wa asili, anayetoka nje mchana. Kuroiler na Sasso waitwe chotara. Nao wana soko lao.

Trei zinazorudi

Trei ya karatasi iliyozunguka sokoni ikikaa juu ya tenga la kuku wa watu ni njia nzuri sana ya kuleta mdondo nyumbani. Haioshwi, kwa hiyo hairudi bandani. Iuze pamoja na mayai. Za plastiki osheni kwanza kwa sabuni hadi kinyesi kitoke, kwa kuwa uchafu huidhoofisha klorini, kisha loweka dakika 10 kwenye maji yenye klorini: vijiko 2 vya chakula, yaani mililita 30, vya klorini ya kufulia ya asilimia 3.5 kwa kila lita ya maji. Anika juani zikauke kabisa.

Siku ya kupokea na siku ya malalamiko

Kituo cha kukusanyia kiwe na watu wawili: mpokeaji na mwandishi, wabadilishwe kila mwezi, na mpokeaji asipokee mayai yake mwenyewe. Katika kila trei 10 za mwanachama, chagua 2 bila kumwuliza, mulika mayai yote 60. Yakizidi 3 yenye ufa au uchafu, mzigo wote urudi akachambue upya. Mara ya pili ndani ya mwezi, alipe faini. Mara ya tatu asimamishwe kwa muda uliotajwa kwenye katiba. Viwango hivi viandikwe na kusainiwa mapema, wakati hakuna mwenye hasira.

Risiti ya kila mteja itaje namba za kadi za trei alizochukua. Mteja akipiga simu kusema watu wameharisha baada ya kula mayai, usianze kumuuliza aliyakaanga vipi. Muulize namba ya kadi. Fungua daftari, tafuta trei zote za banda hilo na tarehe hiyo, piga simu kwa kila aliyezipokea zitolewe mezani, simamisha mauzo ya banda hilo, mjulishe afisa mifugo na afisa afya wa kata. Omba mayai yaliyobaki yahifadhiwe kwenye baridi kwa ajili ya maabara. Usiyachukue ukayatupe, utaonekana unaficha.

Jaribuni zoezi hili mara mbili kwa mwaka bila tatizo lolote. Katibu ataje kadi moja ya wiki iliyopita, na saa ianze kuhesabu. Kikundi kikishindwa ndani ya saa moja kusema trei zote za kundi hilo zilikwenda kwa nani, mara nyingi kosa liko kwenye risiti: mtu aliandika "trei 5" akaacha namba.